Johannesburg: Kutoka pasi hadi kadi ya mlangoni

Dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, mji wa Johannesburg ulizaliwa na swali ambalo halijaisha hadi leo: nani aruhusiwe kuingia mahali pa kazi, na nani ashike idhini hiyo?

Wenye migodi walitaka sheria iwajibu. Kuanzia mwaka 1896, mfanyakazi Mwafrika katika maeneo ya machimbo ya Transvaal alitakiwa kuvaa mkononi kibati chenye namba. Shabaha kubwa ilikuwa kuwazuia wafanyakazi wasitoroke kabla ya mkataba kwisha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika nchini Kenya nao walivishwa kipande shingoni, chenye alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri.

Mwaka 1952, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria iliyojiita ya kufuta pasi. Kwa hakika ilizikusanya zote katika kitabu kimoja, ambacho mwajiri alitakiwa kukitia saini kila mwezi. Mtu asiye na haki ya kuishi mjini hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya saa 72 bila kibali. Hivyo, aliyefukuzwa kazi aliweza kupoteza pia haki ya kuishi mjini.

Upinzani ulikuwa wa muda mrefu. Mwaka 1919 mamia walikamatwa Johannesburg wakipinga pasi. Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria. Tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, kusini mwa Johannesburg. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1986.

Leo wafanyakazi wa mji huo huingia ofisini kwa kadi, neno la siri au alama ya kidole. Kila ofisi inahitaji ulinzi: mhasibu afungue hesabu, mhudumu wa ghala afungue ghala, na anayeondoka arudishe funguo. Tofauti ni kwamba idhini ya namna hiyo huishia kwenye kazi yenyewe, ilhali pasi ilimfuata mtu hadi kitandani kwake.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi, ambayo waajiri walitakiwa kuitekeleza kikamilifu kuanzia Julai 2021, inaziweka alama za vidole katika kundi la taarifa zenye ulinzi maalumu. Safari hii, anayeshika ufunguo naye ana wa kumwuliza.