Nani Alisema Mechi Iendelee?

Kuna picha moja ilizunguka sana mtandaoni mwaka wa 2020, wakati sote tulikuwa tumekaa nyumbani tukihesabu bando. Ilipigwa 1918 katika uwanja wa Grant Field, jijini Atlanta, na mwanafunzi wa Georgia Tech aliyeitwa Thomas Carter. Inaonyesha mashabiki wa futiboli ya Kimarekani wamejaa jukwaani, kofia zimekaa sawa, makoti mazito, na wengi wao wamevaa barakoa. Ukiangalia haraka unaweza kudhani ni picha ya juzi iliyotolewa rangi.

Watu waliipenda kwa sababu ilionekana kama jibu. Si mnaona? Babu zetu walipitia homa mbaya kuliko Korona na bado mechi zilichezwa. Sasa nyinyi mnaogopa nini?

Shida ni kwamba picha inakuonyesha tu mashabiki. Haikuambii nani aliamua mechi ichezwe, wala wale vijana uwanjani walikuwa chini ya amri ya nani. Hilo ndilo swali nimekuwa nikilifuata, kwa sababu ukilinganisha 1918 na 2020 unagundua kitu: hata siku moja ugonjwa haukuwa ndio unaamua. Aliyeamua ni yule aliyewashikilia wachezaji.

Kwanza tuelewane kuhusu huu mchezo. Hii si soka. Ni ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, na kule Marekani timu za vyuo vikuu zina mashabiki kuliko unavyodhani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unabeba zaidi ya watu 107,000. Chukua Kasarani na Nyayo, uziunganishe, bado hazifiki hapo. Mwaka wa 2020 kocha wa Alabama, Nick Saban, alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Mchezaji wake alipata karo, chumba, chakula na posho kidogo. Mshahara hakuna, kwa sababu sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilisema yeye ni mwanafunzi, na mwanafunzi halipwi kucheza.

Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo hilo neno "mwanafunzi" huwa nalisikiliza kwa makini. Shikilia hapo, tutalirudia.

Sasa 1918. Homa iliyoitwa ya Uhispania ilirudi kwa wimbi la pili Septemba, na kabla ya kutulia ilikuwa imeua Wamarekani wanaokadiriwa kuwa 675,000. Ukatili wake ni kwamba haikungoja wazee peke yao. Ilibeba sana watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu, umri ule ule wa wachezaji na wanajeshi. Na wakati huo Marekani ilikuwa vitani Ulaya.

Oktoba 1, 1918, katika vyuo zaidi ya 500, wanafunzi wa kiume walikula kiapo siku moja na kuwa wanajeshi chini ya mpango wa mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi. Asubuhi ni gwaride, mchana darasa, jioni mazoezi. Jeshi liliona futiboli inafaa, kwa sababu inamfundisha kijana kugongwa na kuinuka. Lakini jeshi hilo hilo likawabana timu zisisafiri ovyo, maana ratiba ya kambi ilikuja kwanza. Homa ikaongezea yake. Miji ilipiga marufuku mikusanyiko na mechi zikafutwa moja baada ya nyingine. Notre Dame, msimu wa kwanza wa kocha Knute Rockne, ilicheza Septemba 28 halafu ikakaa mwezi mzima wa Oktoba bila mechi hadi Novemba 2. Chuo Kikuu cha Missouri hakikucheza kabisa.

Vita viliisha Novemba 11, na ghafla kila mtu alitaka kutoka nje. Novemba 23, Pittsburgh ikaipiga Georgia Tech 32 kwa 0, mechi iliyosubiriwa na nchi nzima. Januari 1, 1919, ile mechi kubwa ya Mwaka Mpya, Rose Bowl kule Pasadena, haikuchezwa na vyuo. Ilichezwa na timu mbili za jeshi. Wanamaji wa kambi ya Great Lakes waliwashinda wanajeshi wa Mare Island 17 kwa 0. Mchezaji bora wa siku hiyo alikuwa George Halas, ambaye baadaye angeijenga Chicago Bears.

Great Lakes, iliyoko karibu na Chicago, ilikuwa moja ya kambi zilizoshikwa na homa mapema. Vijana wengi walilala hapo na hawakuamka. Timu iliyoshinda kombe ilitoka mahali ambapo wenzao walikuwa wamezikwa miezi michache tu nyuma. Hakuna aliyewauliza wachezaji kama wako sawa. Walikuwa askari, na askari haulizwi. Angalau 1918 hakuna aliyejifanya kwamba ni jambo lingine.

Turuke miaka 102.

Machi 12, 2020, NCAA ilifuta mashindano yake ya mpira wa vikapu, yale ambayo nchi nzima husimama kuyatazama. Watu wakasema sawa, futiboli ni Septemba, mambo yatakuwa yametulia. Hayakutulia. Julai 8, vyuo vya Ivy League, akina Harvard na Yale, vikafuta michezo ya msimu huo. Hawa hawategemei doo za runinga, so kwao ilikuwa rahisi. Agosti 8 ligi ya Mid-American ikaahirisha. Agosti 11, ligi mbili kubwa, Big Ten na Pac-12, zikafanya vivyo hivyo.

Lakini SEC, ligi ya kusini ambako futiboli ni karibu dini, haikusimama. ACC na Big 12 pia. Kumbuka, nchi ni moja na virusi ni vile vile. Madaktari walisoma takwimu zile zile. Kilichotofautiana ni magavana, wazazi, mashabiki na hesabu ya pesa. Vyuo vingi vya Big Ten vilikuwa vimezoea kupokea zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka kutoka kwa ligi, nyingi zikiwa za runinga. Mechi isipochezwa, runinga hailipi. Uwanja uliojengwa kwa mkopo, nao, mkopo wake haujui Korona.

Rais Trump akaingia Twitter kudai mechi zichezwe, mwaka wa uchaguzi huo. Septemba 16, Big Ten ikageuka, ikasema msimu unaanza mwishoni mwa Oktoba. Septemba 24 Pac-12 ikafuata.

Angalia Chapel Hill sasa. Chuo Kikuu cha North Carolina kilifungua masomo Agosti 10. Wiki moja baadaye, wanafunzi 130 walikuwa wamepatikana na virusi katika siku saba hizo, na Agosti 17 chuo kikatangaza kwamba madarasa ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni. Wanafunzi wakaanza kufunga virago. Timu ya futiboli haikufunga. Septemba 12 ikashuka uwanjani na kuifunga Syracuse 31 kwa 6.

Hapo ndipo lile neno linaanguka. Kama darasa ni hatari kwa mwanafunzi lakini uwanja ni salama kwa mwanafunzi huyo huyo, basi huyo si mwanafunzi. Mtu anayebaki kazini wengine wote wakiambiwa waende nyumbani tunamwita mfanyakazi. Mwaka huo dunia ilikuwa na jina lake kabisa: mfanyakazi wa lazima. Madaktari, wauza chakula, madereva, walinzi. Na inavyoonekana, vijana wa miaka 19 wenye helmeti.

Hoja ya upande wa pili haikuwa ya kipuuzi, na ni haki kuisema. Vijana hawakuwa wanakufa kwa Korona kama walivyokufa kwa homa ya 1918. Wachezaji wengi walitoka familia za kawaida, na kambini wangepimwa mara kwa mara, wale vizuri, watunzwe na daktari. Nyumbani hakukuwa na hayo. Wengine walikuwa na mwaka mmoja tu wa kujionyesha kwa timu za kulipwa. Kumwambia kijana kama huyo akae, ni kumwambia ateme tonge ambalo ameshaanza kulitafuna.

Ila hatari haikuwa hadithi. Septemba 2020, madaktari wa Ohio State walichapisha uchunguzi wa wanamichezo 26 waliokuwa wameugua Korona. Wanne walionyesha dalili za kuvimba kwa misuli ya moyo. Watu waliogopa. Mwaka uliofuata ukaja uchunguzi mkubwa zaidi wa Big Ten, wanamichezo 1,597, na waliopatikana na tatizo hilo walikuwa 37, yaani asilimia 2.3. Kidogo kuliko ilivyohofiwa, lakini moyo ni moyo. Na kumbuka jibu hilo lilikuja msimu ukiwa umeisha. Wakati wa kuamua, hakuna aliyekuwa nalo. Wachezaji ndio waliokuwa jaribio.

Msimu wenyewe ukaenda kwa kuchechemea. Oktoba, kocha wa Florida, Dan Mullen, alitaka uwanja wao ujazwe watu 90,000. Siku chache baadaye timu yake ikajaa wagonjwa, mechi ikaahirishwa, na yeye mwenyewe akaugua. Trevor Lawrence wa Clemson, mchezaji maarufu kuliko wote, akaugua na kukosa mechi mbili. Moja ilikuwa Novemba 7 dhidi ya Notre Dame. Notre Dame iliposhinda 47 kwa 40, wanafunzi wakavamia uwanja kwa maelfu, wakakumbatiana, katikati ya janga.

Halafu kuna hii, ambayo wale wa ile picha ya barakoa hawakuitaja. Michigan na Ohio State ni mahasimu wakubwa, kama Gor na Ingwe. Tangu 1918 hawakuwa wameruka mwaka hata mmoja. Walicheza homa ikiwa imepamba moto, wakacheza Vita vya Pili vya Dunia. Desemba 2020 mechi yao ikafutwa kwa sababu ya maambukizi kambini Michigan. Ligi ilikuwa imeweka sheria kwamba lazima timu icheze mechi sita ili iingie fainali. Ohio State ilikuwa na tano. Sheria ikabadilishwa. Januari 11, 2021, Ohio State ilikuwa kwenye fainali ya taifa, ikapigwa na Alabama 52 kwa 24.

Kwa hivyo je, msimu uliwezekana? Ndiyo, kama kuwezekana ni bingwa kupatikana na runinga kulipa.

Lakini kuna jambo liliponyoka mikononi mwa wakubwa. Agosti 2, wachezaji wa Pac-12 walitoa barua ya pamoja: ulinzi wa afya, haki kwa wachezaji weusi, na nusu ya mapato. Wiki moja baadaye, Lawrence, Justin Fields wa Ohio State na wenzao wakatoa tamko lao kwamba wanataka kucheza. Wanasiasa walilishika la pili na kulipeperusha kama bendera. Hawakusoma hadi chini. Mstari wa mwisho ulisema wanataka kuunda chama cha wachezaji. Kambi hizo mbili zilizodhaniwa kuwa maadui zilikuwa zimeongea na kukubaliana: tucheze au tusicheze, tuulizwe.

Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA kwa kura 9 kwa 0 kuhusu mipaka ya marupurupu ya kielimu. Julai 1 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kesi hizo zilianza kabla ya Korona, sitadanganya. Ila baada ya 2020 ilikuwa ngumu sana kusimama mbele ya mtu na kumwambia ati hawa ni wanafunzi tu.

Na sisi tunahusika wapi? Tunahusika kwa miguu. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akikimbilia Oregon. Njia hiyo ya kutoka Bonde la Ufa hadi chuo cha Marekani imejengwa kwa ufadhili unaotoka idara za michezo, na katika vyuo vikubwa mapato ya idara hizo ni futiboli kwanza. Mwaka wa 2020 tuliambiwa mechi zichezwe ili michezo midogo iokoke. Minnesota ni chuo cha Big Ten. Oktoba 9, wiki tatu baada ya Big Ten kutangaza kwamba futiboli inarudi, bodi yake ilipiga kura kufuta timu tatu za wanaume, ikiwemo riadha yao ya ndani. Riadha ya nje ilinusurika tundu la sindano.

Futiboli ilirudi, na bado wengine walikatwa. Siku janga lingine litakapokuja, na litakuja, tutasikia tena swali la kama msimu unaweza kuendelea. Ukilisikia, usikimbilie kutafuta daktari wa kulijibu. Uliza kwanza nani analipwa mechi ikichezwa, na nani anaweza kusema hapana bila kupoteza kitanda chake.