Vyuma Viwili vya Kurandia Mwanzi

Ufito wa mwanzi wa kuvulia samaki aina ya trauti hautokani na bua zima. Huundwa kwa papi sita zilizorandwa pembetatu, zikagundishwa ubavu kwa ubavu. Samuel Phillippe, fundi bunduki wa Easton, Pennsylvania, alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuunganisha papi namna hiyo, katika miaka ya 1840. Hiram Leonard wa Maine akaifanya kazi hiyo biashara kubwa kwa mashine ya kukatia papi, ambayo aliificha ndani ya chumba kilichofungwa.

Asiyekuwa na mashine alitumia kalibu ya mbao ngumu. Upapi ulilazwa katika mfereji, nayo randa ikapita juu yake mpaka ikagusa ubao. George Parker Holden aliwaelekeza mafundi wa nyumbani katika kitabu chake cha mwaka 1920, na wengi walifuata. Lakini mbao huliwa na randa, huvimba kwa unyevu, na mfereji uliokwisha kuchimbwa haubadiliki.

Everett Garrison, mhandisi wa New York, alitumia kalibu ya chuma. Kitabu kinachoeleza kazi yake, alichoandika pamoja na Hoagy B. Carmichael, kilitoka mwaka 1977, miaka miwili baada ya kifo chake, na ndicho kilichowafungulia watu wengi mlango. Kalibu ya namna hiyo ni vyuma viwili vya mraba, vyenye urefu wa karibu mita 1.8 na unene wa milimita 19 hivi, vilivyolazwa sambamba. Kila baada ya inchi 5 kuna boliti ya kuvivuta pamoja na nyingine ya kuvitenganisha. Kingo zinazotazamana hukatwa mshazari zifanye mfereji wa nyuzi 60. Vyuma vikiachana, upapi hukaa chini zaidi na kubaki mnene.

Hapo ndipo uchaguzi wa chuma unapokuwa na uzito. Kinene mno hakipindiki kwa boliti. Chembamba mno huyumba chini ya randa. Alumini hutoboleka kirahisi, ila makali ya randa huichuna. Chuma kilichofanywa kigumu kwa moto hukataa tupa ya kukatia mshazari. Kinachobaki ni chuma cha kawaida, ambacho huuzwa kwa namna mbili. Kilichopitishwa kwenye rola kikiwa na moto hutulia, lakini uso wake una magamba na vipimo vyake si sahihi. Kilichopitishwa kikiwa baridi ni safi na kimenyooka, na wengi hukichagua, ingawa ndani yake kumefungwa mkazo: kikikatwa sana upande mmoja hupinda. Kwa hiyo tupa, japo ni ya polepole, humfaa fundi wa nyumbani kuliko mashine inayong'oa chuma kingi kwa mkupuo, hasa kwenye upande wa ncha ya ufito, ambako upapi huwa na unene usiofika milimita 1.