Mtandao wa Muziki wa Jadi Barani Ulaya: Jirani Kama Mtunzaji wa Wimbo

Utangulizi

Muhula uliopita, katika kipindi cha fasihi simulizi, wanafunzi wetu wawili walibishana juu ya wimbo mmoja wa harusi. Mmoja ni wa Busoga, mwingine ni wa Buganda. Kila mmoja alishikilia kwamba wimbo ni wa kwao na kwamba upande wa pili uliuchukua tu. Mjadala ulikula kipindi kizima, na muda ulipokwisha tulitoka darasani bila jibu.

Swali walilotuachia, yaani wimbo ni wa nani, si geni duniani. Barani Ulaya swali hilo liliwahi kuwagombanisha wataalamu, magazeti na hata serikali. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wakusanyaji na wapigaji wa muziki wa jadi wa Ulaya walivyojifunza kushirikiana kuvuka mipaka, hasa mpaka wa Hungaria na Romania, na jinsi historia hiyo inavyotugusa sisi hapa Kampala. Hoja yetu ni moja: wimbo hudumu zaidi pale ambapo jirani naye anaujua.

Ukusanyaji na utaifa

Mnamo 1778 na 1779 Mjerumani Johann Gottfried Herder alichapisha mkusanyiko wa nyimbo za watu wa mataifa mbalimbali. Herder aliamini kwamba kila taifa lina sauti yake na kwamba sauti hiyo husikika katika nyimbo za watu wa kawaida. Wazo hilo lilienea upesi, lakini katika karne ya 19 lilichukua sura nyingine. Mataifa yaliyokuwa yakidai uhuru au mipaka mipya yalikusanya nyimbo zao kama ushahidi wa haki zao. Wimbo ukawa kama hati ya shamba.

Kuja kwa fonografu, iliyovumbuliwa na Edison mwaka 1877, kulirahisisha kazi. Nyaraka za sauti zilianzishwa Vienna mwaka 1899 na Berlin mwaka 1900. Tangu hapo mkusanyaji hakulazimika kutegemea kalamu na sikio lake peke yake. Aliweza kurudi nyumbani na sauti yenyewe ya mwimbaji.

Bartók na mwalimu wa Beiuș

Mwaka 1904 Béla Bartók, mpiga piano kijana wa Hungaria, alimsikia mtumishi wa nyumbani aitwaye Lidi Dósa akiimba. Dósa alitoka Transylvania, eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Hungaria. Wimbo wake haukufanana na muziki uliokuwa ukipigwa katika mikahawa ya Budapest na kuitwa wa Kihungaria. Bartók alishtuka kutambua kwamba hakuujua muziki wa watu wake mwenyewe. Mwaka uliofuata alikutana na Zoltán Kodály, na mwaka 1906 wawili hao walichapisha pamoja nyimbo 20 za Kihungaria.

Bartók alianza kwa nia ya kutafuta muziki halisi wa taifa lake. Alichokikuta vijijini kilimbadilisha. Wahungaria, Waromania na Waslovakia waliishi kwa ujirani, na nyimbo zao zilikuwa zimeazimana kwa muda mrefu. Haikuwezekana kuueleza wimbo wa Kihungaria bila kuujua wa jirani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1909 alianza kukusanya nyimbo za Waromania wa Bihor. Aliyemfungulia milango ni Ion Bușiția, mwalimu wa Kiromania katika mji wa Beiuș, aliyempokea na kumsaidia kuwafikia wanavijiji. Mwaka 1913 Akademia ya Romania ilichapisha mjini Bucharest kitabu chenye nyimbo 371 alizozikusanya. Hivyo Mhungaria alikusanya nyimbo za Waromania kwa msaada wa mwalimu Mromania, na kazi ikachapwa na Waromania. Huo ulikuwa mtandao kamili, ingawa haukuwa na ofisi wala katiba.

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Kwa Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake, na Transylvania ikawa ya Romania. Katika hali hiyo ya uchungu, maandishi ya Bartók kuhusu muziki wa Waromania yalimletea mashambulizi. Mwaka huohuo wa 1920 alilaumiwa katika magazeti ya Budapest kwamba si mzalendo, kana kwamba kuusifu wimbo wa jirani ni kumpa jirani shamba. Hakuacha. Mwaka 1924 alipiga muziki Bucharest pamoja na George Enescu, mwanamuziki mashuhuri wa Romania, na mwaka 1936 alikwenda Uturuki kukusanya nyimbo akiwa na Ahmed Adnan Saygun. Katika makala ya mwaka 1937 alieleza kwamba utafiti wa nyimbo za jadi ulichochewa na utaifa, lakini utaifa ukizidi huuharibu, kwa kuwa nyimbo haziwezi kulinganishwa bila majirani kusaidiana. Nyimbo za Kiromania alizozikusanya mwenyewe zilizidi 3,000. Mwaka 1940 aliondoka Hungaria, akafariki New York mwaka 1945.

Kuanzishwa kwa vyombo

Upande wa Romania, Constantin Brăiloiu alianzisha hifadhi ya nyimbo za jadi mjini Bucharest mwaka 1928. Mchango wake mkubwa ni wa mbinu. Kwake haikutosha kuunasa wimbo. Ilibidi kuandika pia nani aliuimba, ana umri gani, alijifunza kwa nani na huuimba wakati gani. Mwaka 1944, wakati vita vya pili vikiendelea, alianzisha hifadhi ya kimataifa ya muziki wa jadi mjini Geneva. Kuanzia 1951 hadi kifo chake mwaka 1958 hifadhi hiyo ilitoa mfululizo wa santuri zenye muziki wa watu wa Ulaya, Afrika na Asia.

Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi liliundwa mjini London. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Maud Karpeles, na mwenyekiti wa kwanza alikuwa mtunzi wa Kiingereza Ralph Vaughan Williams. Mkutano wa kwanza ulifanyika Basel, Uswisi, mwaka 1948. Ulaya ilipogawanyika kati ya Mashariki na Magharibi, Baraza liliendelea kuwakutanisha watu wa pande zote mbili. Lilikutana Sinaia, Romania, mwaka 1959, na Budapest mwaka 1964, wakati Kodály akiwa mwenyekiti. Mwaka 1966 lilikutana Legon, Ghana. Jina lake lilibadilishwa mwaka 1981 na tena mwaka 2023, lakini shughuli zake hazijakoma.

Hata hivyo, vyombo hivi vilikuwa na upungufu mmoja. Waliohudhuria mikutano walikuwa wataalamu. Mpiga fidla wa kijijini hakuwepo. Sauti yake ilifika mkutanoni ndani ya santuri, yeye mwenyewe akabaki shambani.

Vijana wa Budapest na wazee wa Transylvania

Pengo hilo lilizibwa na vijana. Tarehe 6 Mei 1972 ilifanyika Budapest ngoma ya kwanza ya aina iliyokuja kuitwa táncház, yaani nyumba ya ngoma. Jina na utaratibu wake vilitoka Szék, kijiji cha Wahungaria huko Transylvania, ambako vijana walikuwa wakikodi nyumba, wakialika wapigaji na kucheza. Ferenc Sebő na Béla Halmos walipiga muziki. Mtaalamu György Martin aliwapa ujuzi wa utafiti, na Sándor Tímár aliwafundisha watu kucheza. Jambo jipya ni kwamba muziki wa jadi haukuwekwa jukwaani ili watu wautazame. Waliokuja walikuja kujifunza na kucheza wenyewe.

Ili kujifunza ilibidi kwenda kwa wenye muziki, na wenye muziki walikuwa ng'ambo ya mpaka. Vijana walipanda treni na kinasa sauti mkobani. Safari hizo hazikuwa za starehe. Kuanzia 1974 sheria ya Romania iliwakataza raia kuwalaza wageni kutoka nje majumbani mwao, isipokuwa jamaa wa karibu. Aliyemlaza mgeni mwenye fidla alijitia hatarini. Lakini waliwalaza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee ambao watoto wao walikuwa wameanza kuuonea aibu muziki wa kijijini waliona vijana wa mjini wakitoka mbali kuja kuketi miguuni pao.

Huko vijana hao waligundua kile ambacho Bartók alikwisha kukigundua. Wapigaji wengi stadi wa Transylvania walikuwa Waroma, watu ambao tusiwachanganye na Waromania, kwani ni jamii nyingine yenye lugha yake. Mpigaji wa Kiroma aliwapigia Wahungaria harusi Jumamosi hii, na Waromania Jumamosi ijayo. Riziki yake ilimlazimu azijue nyimbo za kila jamii. Kwa lugha ya leo tungesema yeye ndiye aliyekuwa mtandao wenyewe.

Wimbo uliobaki kwa jirani

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika eneo la Máramaros, kaskazini mwa Transylvania, waliishi Wayahudi wengi. Mwaka 1944, eneo hilo likiwa chini ya Hungaria, walikamatwa na kupelekwa Auschwitz, na wengi wao waliuawa. Harusi zao zikakoma, na waliozipenda nyimbo hizo hawakuwepo tena kuziimba. Mwaka 1993 kundi la Muzsikás la Budapest lilitoa albamu ya muziki wa Wayahudi wa Transylvania. Miongoni mwa waliowafundisha nyimbo hizo ni Waroma wawili, mpiga fidla Gheorghe Covaci na mpiga simbalo Árpád Toni. Waroma walizijua kwa sababu walikuwa wakipiga katika harusi za Wayahudi.

Hebu tulitafakari hilo. Hakuna serikali iliyowaagiza Waroma kuzitunza nyimbo za Wayahudi. Waroma wenyewe waliteswa na kuuawa katika vita vilevile. Walizitunza kwa kuwa walikuwa majirani, na kwa kuwa mpigaji mwema hasahau wimbo. Kama nyimbo hizo zingekuwa mali ya Wayahudi peke yao, kwa maana ile ya hati ya shamba, nyingi zingezikwa pamoja nao.

Tangu hapo ushirikiano umepanuka. Mwaka 1990 kambi ya vijana iitwayo Ethno ilianzishwa Falun, Uswidi. Utaratibu wake ni kwamba kila kijana huja na wimbo wa kwao na kuwafundisha wenzake kwa kusikiliza, bila noti. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha táncház kuwa mfano bora wa kuhifadhi urithi. Mwaka 2015 UNESCO iliorodhesha ngoma za vijana wa kiume wa Romania, na maelezo yake yanawataja Waromania, Wahungaria na Waroma kuwa wachezaji wake. Mwaka 2019 mashirika na wanamuziki wa nchi mbalimbali waliunda Mtandao wa Muziki wa Jadi wa Ulaya.

Uhusiano wake na Kampala

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini. Kati ya 1973 na 1977 mwenyekiti wa Baraza lile la London alikuwa Klaus Wachsmann. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi na kufika Uganda mwaka 1937. Kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, na alizunguka nchini akirekodi muziki wa makabila mbalimbali. Alimwajiri Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, ili ala za makumbusho zipigwe na zisikae kabatini zikikusanya vumbi. Baadaye Gerhard Kubik wa Vienna alipofika Kampala, alijifunza kupiga amadinda kwa Muyinda huyo. Mwalimu alikuwa Mganda, mwanafunzi Mzungu.

Rekodi za Wachsmann zilihifadhiwa London kwa miaka mingi. Nakala zake zimerejeshwa Makerere, na mwanafunzi wa leo anaweza kuisikia sauti iliyonaswa kabla ya babu yake kuoa. Tunashukuru kwamba zilitunzwa. Lakini mfano wa Waroma unatukumbusha kwamba kutunza katika sanduku na kutunza mdomoni ni mambo mawili, na kwamba la kwanza halitoshi bila la pili.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtandao wa muziki wa jadi wa Ulaya haukuanza na mikutano. Ulianza na mwalimu wa shule aliyempokea mgeni, na mwenyeji aliyemlaza msafiri licha ya sheria. Vyombo vilikuja baadaye kuipa kazi hiyo nguvu.

Sisi walimu wa Kiswahili tunafundisha lugha ambayo yenyewe imekua kwa kuazimana na majirani, kwa hiyo funzo hili lisitushinde. Wale wanafunzi wetu wawili tumewapa kazi ya muhula huu. Yule wa Busoga ataurekodi ule wimbo wa harusi kijijini kwa mwenzake, Buganda, na yule wa Buganda ataurekodi Busoga. Kila mmoja ataandika, kama alivyofundisha Brăiloiu, nani aliimba na alijifunza kwa nani. Sharti la mwisho ni kwamba kila mmoja arudi akiweza kuuimba kama unavyoimbwa kwa mwenzake. Swali la nani mwenye wimbo tutalirudia siku hiyo, wakishaimba.