Gazeti la Lubumbashi: toka L'Essor mpaka Mjumbe

Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata mji ulikuwa tayari na gazeti lake, Journal du Katanga. Vichuguu vilikuwa vingi kuliko nyumba, lakini wazungu wa shaba walitaka habari zao.

Gazeti kubwa lilikuja mwaka 1928, Jean Sepulchre alipoanzisha L'Essor du Congo. Lilitoka kila siku, kwa Kifaransa, na lilikuwa sauti ya walowezi. Liligombana hata na Bruxelles na Léopoldville pale walowezi walipoona Katanga inaamriwa mambo kutoka mbali. Mkongomani alikuwa mtu wa kusemewa tu.

Lakini kazi ya gazeti ilikuwa ya mikono mingi. Habari zikishaandikwa, herufi za risasi zilipangwa mstari kwa mstari, zikisomwa kinyumenyume. Karatasi ya kwanza ilipigwa ili kutafuta makosa, kisha mashine ikazunguka. Kesho yake kazi ilianza tena upya, maana gazeti la jana ni karatasi ya kufungia karanga.

Weusi wa mji walipata nafasi kidogo mwaka 1934. Mbelgiji Auguste Verbeken, mtu wa utawala, alitoa gazeti la kila juma, Ngonga, lililokuwa na kurasa za Kiswahili. Wasomaji wakatuma barua zao. Mwaka 1935 likazimika.

Kisha ikaja vita. Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Mwezi uliofuata, Wakongomani waliosoma wa mji ule, wale walioitwa évolués, waliandikia utawala waraka wakiomba kutambuliwa. Mwaka 1945 L'Essor ilitoa kitabu, Dettes de guerre, na waraka ule ukawekwa humo. Yaani gazeti la walowezi ndilo lililobeba malalamiko ya weusi! Lakini tusiusifu waraka kupita kiasi: waliouandika walijiombea wenyewe, wasichanganywe na watu wa kawaida. Mama wa sokoni na mchimba shaba hawakuwa na mtu wa kuwaandikia.

Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. L'Essor du Congo ikawa L'Essor du Katanga, na likasimama upande wa serikali yake. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbia nyumba zao mjini humo humo, wakapanga vibanda katika kambi iliyolindwa na askari wa ONU. Jamaa hizo zilikuwa karibu kabisa na mahali gazeti lilipochapwa, lakini gazeti lile halikuwa lao. Aliyewahi kulala chini ya prelati anajua maana yake: habari yako inaandikwa na aliyebaki nyumbani kwake.

Kujitenga kuliisha Januari 1963. Baadaye Mobutu alileta siasa ya asili na magazeti yakavikwa majina mapya. Lubumbashi ilikuwa na Mjumbe, Kisangani Boyoma, Bukavu Jua, Kinshasa Elima na Salongo. Jina Mjumbe ni la Kiswahili safi, lakini ndani mlikuwa Kifaransa, na habari za AZAP, shirika la serikali. Rais alikuwa ukurasa wa kwanza, leo na kesho.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na magazeti ya watu binafsi yakaongezeka kwa haraka. Bei ilikuwa ngumu. Kinshasa watu walijikusanya mbele ya wauzaji, wakasoma vichwa vya habari bure na kubishana mpaka jua kuzama. Wakaitwa parlementaires debout, wabunge wa kusimama. Huku kwetu mashariki anayejua Kifaransa husoma, kisha huwageuzia wenzake kwa Kiswahili, na asiyekuwepo huipata habari jioni, redioni au kwa jirani.