Jina la Aliyefia Vitani: Tulitafute Kabla Wazee Hawajatutoka



Ndugu msomaji, kila ifikapo tarehe 17 Ramadhan tunakumbushana juu ya vita vya Badri, vilivyopiganwa mwaka wa 2 Hijria (624 Miladia). Waislamu waliouawa siku ile walikuwa 14: Muhajirina 6 na Ansari 8. Majina yao yote yapo. Miongoni mwao ni Umayr bin Abi Waqqas (R.A.), kijana ambaye Mtume (S.A.W.) alitaka kumrudisha kwa sababu ya udogo wake, akalia mpaka akaruhusiwa, naye hakurudi. Imepita zaidi ya miaka 1,400 na bado tunamtaja yeye na baba yake.

Sasa jiulize wewe. Katika ukoo wenu kuna mtu aliyefia vitani miaka 80 au 100 tu iliyopita? Jina lake unalijua? La baba yake je? Wengi wetu tutabaki kimya hapo.

Hatusemi kwamba kila aliyekufa akivaa sare ya mkoloni ni sawa na watu wa Badri. Hukumu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu. Tunazungumzia haki ya maiti kwa jamaa zake: atajwe, aombewe, na nasaba yake isikatike. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu.

VITA VILIPITA HAPA KWETU

Vijana wengi wa Lodwar hudhani Vita Vikuu vya Pili vilikuwa mambo ya Wazungu huko kwao. La hasha. Wakati ule Italia ilikuwa imeikalia Ethiopia. Ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Turkana yetu ikawa uwanja wa vita. Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (wazee waliwaita Keya), iliwekwa upande huu wa ziwa, ikisaidiwa na wapiganaji wa Kiturkana walioijua nchi, visima na njia zake. Februari 1941 ilivuka mpaka ikitokea upande wa Lokitaung, ikaelekea Namuruputh na Kalam. Kwa hiyo barabara unayopita leo kwenda kaskazini, kuna watu waliipita wakienda vitani.

Wengine hawakufia nchi kavu. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka bandari ya Kilindini ikielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo), ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Waliokufa ni karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kaburi lao ni bahari. Kuna mama aliyengoja mtoto wake mpaka akafa akingoja.

Na kabla ya hapo, katika vita vya 1914 hadi 1918, walikwenda wapagazi. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 95,000, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Ukifika Kariokor pale Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, ujue jina hilo limetokana na kikosi chao.

SANAMU ISIYO NA MAJINA

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, yapo masanamu ya askari na mpagazi yaliyowekwa mwaka 1928. Maandishi yake yanamwahidi aliyepigana kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri, lakini zunguka sanamu lote, hutaona jina hata moja!

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Askari wa Kizungu aliwekewa jiwe lenye jina lake, Mwafrika akawekewa sanamu la jumla. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri. Ilisema kwamba katika vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Sawa, radhi tumeisikia. Lakini jina la babu yako halitarudishwa na radhi. Litarudishwa na wewe ukilitafuta.

UANZIE WAPI?

Kwanza, kaa na mzee. Ramadhan ni wakati mzuri, baada ya futari, watu wametulia. Usimuulize "mwaka gani?" Muulize ilikuwa njaa gani, mvua gani, ugonjwa gani wa mifugo. Kwa Waturkana, uliza pia kama marehemu alikuwa wa Ngirisai (Chui) au Ngimor (Mawe). Mtoto huwa kundi lisilo la baba yake, na babu na mjukuu huwa kundi moja. Kwa njia hiyo utaweza kutofautisha kama anayetajwa ni baba au ni babu. Andika, au rekodi kwa simu.

Pili, liandike jina kwa kila namna. Karani wa Kizungu aliandika alivyosikia. Khamis akawa Hamisi au Amisi, na mara nyingi jina ni moja tu bila ukoo.

Tatu, tafuta kwenye madaftari. Orodha ya tume ile ya makaburi hupatikana bure kwenye intaneti. Inaonyesha jina, namba ya askari, kikosi na tarehe ya kufa. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, upo ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya waliofia vita vya pili wasiojulikana walikozikwa. Nyaraka za Taifa zipo Moi Avenue.

Nne, usikimbilie kusema "ndiye huyu!" Akina Juma walikuwa wengi. Kikosi na tarehe vikubaliane na maneno ya mzee, ndipo uandike kwenye kitabu cha ukoo.

NA WEWE WA KAKUMA

Ndugu yangu wa Kakuma, kwako haya si mambo ya zamani. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja wa Somalia, Ethiopia, Kongo na kwingineko. Wasomali huwafundisha watoto wao kuhesabu mababu tangu wadogo, mali ambayo hakuna bunduki iliyoweza kuipora. Lakini aliyepotea vitani, ambaye haijulikani yu hai au amekufa, ana hukumu zake katika fiqhi. Mke wake anafungika na mirathi yake inasimama. Sheria ya Kenya nayo huruhusu mtu kudhaniwa amekufa asiposikika kwa miaka 7. Usikae na mzigo huo peke yako. Huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa ipo kwa kazi hii, na Kadhi yupo wa kuulizwa. Andika jina kamili, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, na nani alimuona. Shahidi wa leo kesho huenda amehamia Marekani au amefariki.

Ndugu msomaji, siku zilizobaki za Ramadhan ni chache, na wazee wanaokumbuka ni wachache zaidi. Usiku huu muulize mmoja jina moja tu. Ukilipata, litaje katika dua yako na ulitolee sadaka, hata kama ni tende tatu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, atukubalie saumu zetu, na azizime vita katika nchi zetu. Amin.