Kijisanamu

kijisanamu nomino, ngeli ya ki-/vi-, wingi: vijisanamu. Pia: kisanamu.

Maana

Sanamu ndogo ya mtu, mnyama au kiumbe wa kubuni, inayowekwa mezani kuonyesha mahali alipo mhusika wa mchezo. Neno hili huhitajika hasa katika tafsiri zinazohusu michezo ya kuigiza wahusika, kama vile Dungeons & Dragons, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974. Kijisanamu cha mtu mzima huwa na kimo cha takriban milimita 30.

Asili na muundo

Sanamu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika mazungumzo ya dini hubeba maana ya kitu kinachoabudiwa. Kwa sababu hiyo, kauli "anakusanya sanamu" yaweza kueleweka visivyo. Umbo la udogo huondoa utata huo. Kisanamu ni sahihi kisarufi. Kijisanamu husisitiza udogo zaidi, na ingawa kiambishi kiji- mara nyingine huashiria dharau, hapa hakina dharau yoyote.

Muktadha

Zamani vijisanamu viliuzwa kwa kawaida vikiwa madini yasiyo na rangi, na mnunuzi ndiye aliyevipaka. Mwaka 2000 kampuni ya WizKids ilitoa mchezo wa Mage Knight, wenye vijisanamu vya plastiki vilivyopakwa rangi tayari na kuuzwa katika pakiti zisizoonyesha kilichomo. Wizards of the Coast ilifuata mwaka 2003 kwa seti iitwayo Harbinger, yenye vijisanamu 80 tofauti. Mnunuzi hubahatisha, akipata viwili vya namna moja hubadilishana na wenzake, na anachokikosa hukitafuta kwa wauzaji wa kimoja kimoja. Katika biashara hiyo mnunuzi mara nyingi hutegemea maelezo ya muuzaji, hivyo neno lisilo wazi laweza kumtia hasara.

Matumizi

*1. Kupakwa rangi.* Kauli "kimepakwa rangi kabla" haitoshi, kwa kuwa haisemi kabla ya nini wala na nani. Tumia kilichopakwa rangi kiwandani. Kilichobadilishwa na mmiliki ni kilichopakwa rangi upya. Wakusanyaji wengi hutaka rangi ya kiwandani. Mfasiri anayeandika "kimepakwa rangi" pekee huficha tofauti inayoweza kubadili bei.

*2. Kawaida, nadra, adimu.* Seti nyingi za aina hii hugawa vijisanamu kwa viwango vya upatikanaji. Pale penye viwango vitatu, tafsiri inayofaa ni cha kawaida, nadra na adimu. Nadra na adimu hukaribiana maana, lakini nadra huelekea zaidi kwenye jambo linalotokea mara chache, na adimu kwenye kitu kinachopatikana kwa shida. Haba halifai: hueleza uchache wa kiasi, kama katika "maji haba".

*3. Upatanisho wa kisarufi.* Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Linganisha:

– Shujaa ameanguka. (Mhusika ameshindwa katika hadithi.)
– Kijisanamu cha shujaa kimeanguka. (Plastiki imesukumwa mezani.)

Kwa shujaa, kiambishi a- chatosha kuonyesha kuwa anayetajwa ni mhusika. Kwa majina ya ukubwa hali ni ngumu zaidi, kwani kiumbe hai pia huweza kuchukua li-, kama methali inavyothibitisha: *Zimwi likujualo halikuli likakwisha*. Basi "Joka limekatika bawa" yaweza kuwa tukio la vita au kasoro ya bidhaa. Katika maelezo ya mauzo andika: "Kijisanamu cha joka kimekatika bawa."

*4. Mkusanyiko na makusanyo.* Vitu alivyo navyo mkusanyaji ni mkusanyiko wake. Makusanyo limezoeleka zaidi katika habari za kodi na mapato. Kitendo chenyewe ni ukusanyaji.

Maneno yanayokaribiana

*Kete* hutumika katika bao na drafti. Kete moja haina sura wala jina linaloitofautisha na nyingine ya aina yake, ilhali kijisanamu huwakilisha kiumbe mahususi. *Mwanasesere* ni kitu cha kuchezea watoto, nacho hakifai kwa maana hii. *Joka* ni umbo la ukubwa la nyoka, na msomaji asiyeujua mchezo aweza kuwaza nyoka mkubwa asiye na miguu wala mabawa; katika kutaja mara ya kwanza, "joka lenye mabawa" huondoa shaka.

Tazama pia: dadu, kete, mwanasesere, sanamu, zimwi.