Nyatiti Ilivyoingia Darasani

Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo wa Kenya, huketi karibu na ardhi, juu ya kigoda kifupi kiitwacho orindi, ala yake imelala mbele yake. Nyuzi ni nane, zimegawika mafungu mawili ya nne nne. Zamani zilikuwa za kano za mnyama. Siku hizi ni za nailoni, uzi ule ule wanaovulia samaki wavuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu. Kidole gumba cha mguu amekivika pete ya chuma, oduong'o, ya kugongea ubao wa ala, na kifundoni amefunga gara, njuga zinazolia kila mguu unapotua. Mikono na mguu vikishashika kazi, ndipo anapofungua kinywa. Anasimulia, anasifu, anasuta, anamlilia marehemu. Mara msikilizaji mmoja anamsimamisha, anatoa pesa, na kujigamba: yeye ni nani, mwana wa nani, rafiki wa nani. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza, muziki unaendelea mpaka mwingine ainuke.

Ukiyatazama yote hayo pamoja, huu ni mchezo kamili wa jukwaani, ila jukwaa lenyewe ni uwanja wa matanga au wa sherehe. Na kwa miongo kadhaa shule za Kisumu na maeneo ya ziwani zimekuwa zikitafuta namna ya kuwapa watoto mchezo huu. Zimepata nusu yake.

Kabla ya shule, watoto wa Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mkongwe aliyeitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo wameieleza vizuri katika kitabu chao kuhusu Siaya, kilichotoka 1989. Watoto walilala humo, na usiku ulijaa sigana, yaani hadithi, vitendawili na nyimbo. Hakuna aliyekaa kimya: hadithi ina kiitikio, na kiitikio ni cha wote. Nyatiti yenyewe haikufundishwa huko. Ilikuwa ala ya wanaume, na kijana aliyeitamani alimfuata fundi, akakaa karibu naye na kutazama vidole vyake.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mwaka 1906 wamishonari wa Kianglikana wakaanzisha shule ya Maseno. Kwao muziki wa matanga ulinukia pombe na mizimu, na mwanafunzi alipewa tenzi za kanisani badala yake. Mtoto aliyelala bwenini hakulala siwindhe.

Mlango ulifunguka polepole, tena kwa upande usiotarajiwa. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927 likiwa la Wazungu na nyimbo zao. Baada ya uhuru nyimbo za kiasili zilizidi kupata nafasi humo, na vikundi vya shule za msingi vikapanda jukwaani na njuga na sketi za makonge. Mtu wa kukumbukwa hapa ni Washington Omondi, mmoja wa tume ya watu watano iliyoandaa wimbo wa taifa mwaka 1963. Tasnifu yake ya uzamifu, aliyoikamilisha London mwaka 1980, ilihusu nyatiti na nafasi yake katika jamii ya Waluo. Miaka miwili baadaye aliongoza tume ya rais kuhusu muziki, iliyotoa ripoti yake 1984. Mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na muziki ukatahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nyatiti ikawa swali la mtihani. Mtoto aliweza kupata alama kwa kujibu kwamba ina nyuzi nane bila kuwahi kugusa hata mmoja.

Hata hilo halikudumu. Mtaala ulipopitiwa upya 2002, muziki uliondolewa kwenye mtihani, na somo lisilotahiniwa halikawii kumezwa na hisabati. Kilichobaki ni tamasha. Nalishukuru tamasha kwa moyo wote, kwa sababu bila hilo nyimbo nyingi za Nyanza zingezikwa na wazee wake. Lakini lina saa mkononi na jaji mezani. Wimbo uliokuwa wa usiku kucha unabanwa katika dakika chache, watoto wanapangwa mistari iliyonyooka, na wasikilizaji wanakaa kungoja matokeo. Pakruok inapita wapi hapo? Nani atamsimamisha mpigaji ajigambe ilhali alama zinahesabiwa?

Mwandishi Asenath Bole Odaga aliliona pengo hili mapema, kwa upande wa hadithi. Mwaka 1981 aliandika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu mafunzo yaliyomo katika sigana za Waluo, kisha akarudi Kisumu kufungua duka la vitabu na kampuni ya uchapishaji, na akaendelea kuwaandikia watoto hadithi hadi kifo chake mwaka 2014. Duka aliliita Thu Tinda, maneno yanayofungia sigana.

Mwiko wa wanawake kupiga nyatiti nao umevunjwa. Eriko Mukoyama alitoka Japani, akajifunza kwa fundi kijijini Siaya, na leo anajulikana kama Anyango. Suzanna Owiyo wa Nyakach, mjukuu wa mpiga nyatiti, alitikisa sherehe za miaka 100 ya Kisumu mwaka 2001. Binti wa darasa la nne anayetaka kuketi kwenye orindi ana wa kumtaja.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia 2019, unataka mtoto afanye kwa mikono. Kwa hiyo fundi aalikwe darasani, na alipwe kama mwalimu yeyote. Watoto wa Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, wasitazame tu vidole vyake. Wafundishwe pia kuinuka, kumsimamisha, na kujigamba kwa maneno waliyoyatunga wenyewe, kuhusu mama zao, mtaa wao na rafiki wa dawati moja.